Fundi Aliyeacha Kukohoa

Mafundi nguo husema uongo wa aina mbili. Nimeusikia katika lugha nyingi kuliko nilizowahi kujifunza vizuri, na hata mahali ambapo sikujua kuomba maji ya kunywa, uongo wa fundi niliuelewa mara moja. Wa kwanza ni "njoo kesho". Huo hauhitaji maelezo. Suruali zangu zimekaa kwa mafundi muda mrefu kuliko zilivyokaa kwangu. Wa pili ni wa adabu zaidi, na unahusu tepu ya kupimia. Fundi huizungusha kiunoni mwa mteja, huiona namba, humeza mate, kisha hutaja namba nyingine iliyo nyembamba.

Fundi ninayemsimulia hapa alikuwa bingwa wa yote mawili. Wateja walimwita Kesho, naye aliitika. Kibanda chake kilibanwa kati ya fundi viatu na muuza kufuli. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kunyofolewa vipuri, na kioo kifupi ambamo mteja alijiona kuanzia kidevuni kwenda chini, jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa huruma. Mkewe aliketi karibu na mlango akishona vifungo na kupiga mapindo kwa mkono. Yeye ndiye aliyeandika vipimo.

Na hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Kesho alipotaja namba ya uongo, ilibidi mkewe ajue namba ya kweli, la sivyo nguo isingeingia mwilini. Kwa hiyo walikuwa na lugha yao. Namba ikitajwa bila kitu, iandikwe ilivyo. Fundi akikohoa kidogo, aongeze kidogo. Akikohoa kwa nguvu, aongeze kwa nguvu. Mteja aliondoka akiwa na kiuno cha ujana wake, nguo ikamkaa vizuri, na hakuna aliyeuliza kwa nini fundi huyu hapati nafuu ya kifua mwaka mzima.

Kanisani alikuwa akienda tangu utotoni, na alikuwa na kiti chake karibu na nguzo, mahali pazuri pa kusinzia bila kuonekana. Jumapili moja alikuja mhubiri mgeni. Akasema watu wengi hujitenga na dunia kwa muda wa ibada tu. Wakitoka mlangoni, huivaa tena kama koti waliloliacha limetundikwa kwenye msumari. Kesho, aliyekuwa amelala, alisikia neno koti akaamka. Akamsikiliza mhubiri hadi mwisho, mara ya kwanza baada ya miaka. Aliporudi nyumbani alikuwa kimya kiasi kwamba mkewe alimshika paji la uso.

"Nimekata shauri," akasema. "Kuanzia kesho sisemi uongo."

"Kuanzia lini?"

Akafikiri. "Kuanzia sasa hivi."

Jumatatu mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori, mtu wa haraka. "Kesho, vipi, suruali yangu imekwisha?"

"Sijaigusa."

"Unasemaje?"

"Sijaigusa, ndugu yangu. Ipo pale chini ya meza, na paka amelala juu yake. Nadhani nitaianza wiki ijayo, Mungu akiniweka hai."

Dereva alimgeukia mke. "Shemeji, huyu anaumwa?"

"Ameokoka."

"Si alikuwa ameokoka tangu zamani?"

"Hii ni ya pili. Imeingia ndani zaidi."

Dereva akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliyefika msibani. Alikuwa amezoea kudanganywa na mtu anayemheshimu.

Baada ya ulimi, Kesho akahamia kwenye vipande. Fundi nguo yeyote hubakiwa na vitambaa vya watu, na hakuna anayevirudisha. Kesho alivikusanya katika mifuko, akaenda mlango hadi mlango. Mama wa duka la dawa alikabidhiwa kipande cha gauni ambalo alikwisha kuligawa kwa mpwa wake. Mwalimu mstaafu alipewa kipande cha suti chenye umbo la pembetatu, akakipokea kwa mikono miwili bila kujua kama ashukuru au apige kelele. Tatizo lilikuja nyumbani, kwa sababu binti yao mdogo alikuwa na gauni lililochanganya mapazia ya mtu, sare za wahudumu wa hoteli na kitambaa cha harusi iliyovunjika. Kesho alilitazama gauni hilo kwa macho ya toba.

"Usithubutu," mkewe akasema. "Utakatifu wako uanzie kwenye nguo zako. Mtoto huyu harudishwi kwa wateja."

Pamoja na kichekesho chote, kazi ilianza kunyooka. Wateja waligundua kwamba akisema Alhamisi, ni Alhamisi. Akawa anashona mapema ili asiwe na la kuungama. Fundi viatu wa jirani alianza naye kusema ukweli kidogo, kwa majaribio. Jambo lilikuwa zuri kweli, na silisemi kwa kejeli: mtu aliyekuwa ameishi katika uongo mtamu kwa miaka mingi aliamka kila asubuhi akajinyima utamu huo, bila mtu kumlazimisha, katika kibanda ambamo malaika asingepata hata pa kukaa. Ila wema nao una ladha, na Kesho alianza kuuonja. Jumapili akatoa ushuhuda. Jumapili iliyofuata akatoa mwingine. Siku za wiki akawa anasema "sijaigusa" kwa sauti ambayo muuza kufuli aliisikia vizuri.

Ndipo kanisa likajiandaa kwa maadhimisho yake, na kwaya ikaamua kushona sare mpya.

Lazima nimlete dada yake Kesho. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni, akamfundisha kutia uzi kwenye sindano, akamtandika pia pale ilipobidi. Alikuwa dobi, akifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Mwanamke mkubwa, mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa, na sauti iliyowafanya watu wamwite Kengele. Katika kwaya yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Wengine walimfuata kama kondoo. Na katika miaka yote ambayo mdogo wake alimshonea nguo, hakuna mtu aliyekuwa akikoholewa kama yeye. Inasemekana safari moja mtu alimletea fundi maji.

Siku ya vipimo kwaya nzima ilikuwa ukumbini baada ya mazoezi. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa ametaka magauni yanayobana kiunoni, na vizibao kwa wanaume. Mchungaji alikuwa amekaa mbele akizungumza na mwalimu wa kwaya. Mke wa fundi alishika kalamu. Kengele, kama kawaida yake, akatangulia.

"Haya, baba," akamwambia mdogo wake huku akinyanyua mikono, "nipime, na kifua kisikusumbue."

Watu wakacheka, maana waliujua utani huo. Kesho akazungusha tepu. Ilifika, lakini kwa shida. Akaitazama namba. Akamtazama mchungaji. Kisha akainua kidevu, akaitaja namba ile kamili, ya kweli, kwa sauti ya mtu anayetangaza mshindi.

Namba yenyewe sitaiandika hapa. Dada yu hai, na mikono yake imezoea pasi nzito.

Mkewe aliinua kichwa, akisubiri pengine kikohozi cha kushusha, kitu ambacho hakikuwapo katika lugha yao. Kesho akaongeza, kwa upole wa kuudhi: "Tuseme kweli, wapendwa. Kweli haina aibu."

Kengele akashusha mikono polepole. Akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Msema kweli mpenzi wa Mungu," akasema. "Basi na akushonee yeye." Akaondoka.

Waliobaki walipimwa mmoja mmoja, na Kesho akataja namba zote kwa kweli na kwa sauti. Zilikuwa namba za kupendeza ajabu. Wanawake wenye watoto wakubwa walikuwa na viuno vya wasichana; mwimbaji wa sauti ya nne, mtu wa tumbo la miaka mingi, alipimwa akaonekana mwanariadha. Nyusi za mke wa fundi zilipanda kila alipoandika, lakini aliandika. Kesho alikata vitambaa kama vilivyosema vipimo, akashona kwa bidii, na akamaliza siku aliyoahidi.

Siku ya kujaribu sare, kwaya ilivaa na kusimama kwenye mistari. Ilipendeza mno. Mwalimu wa kwaya akainua mikono. Kwaya ikavuta pumzi.

Nyuzi zikajibu. Zipu moja ilifunguka kuanzia kwapani hadi nyongani. Kifungo cha kizibao kiliruka kikampata mpiga kinanda sikioni. Waliobaki wazima walibaki hivyo kwa kuwa hawakuthubutu kupumua, na wimbo wa shangwe ulitoka kama watu wanaonong'ona ndani ya kabati.

"Fundi!" mwalimu wa kwaya akaita. "Umeshonea watu gani hizi?"

"Nimeshonea vipimo vyao! Nimevitaja mbele yenu!"

"Walivuta matumbo, baba watoto," mkewe akamwambia kando, taratibu. "Baada ya ulichomfanyia wifi, nani angethubutu kuliachia tumbo lake?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unatangaza. Mtu akitangaza hasikii."

"Lakini mimi nilisema kweli!"

"Ulisema kweli, ukapewa uongo. Zamani ulisema uongo, ukapewa kweli. Sasa kaa chini ufikiri, mimi naokota vifungo."

Mwalimu wa kwaya naye alikuwa na lake. Magauni yalikuwa na kitambaa cha ziada ndani ya mishono, yangeweza kufunguliwa na kutanuliwa. "Ila sauti ya dada yako utaitanua kwa kitu gani?" akauliza. "Hajaja mazoezi tangu siku ile. Maadhimisho yamekaribia, na hapa hakuna anayejua kuanzisha isipokuwa yeye."

Kesho alijua hayo kuliko mwalimu. Dada yake alipita mbele ya kibanda kila siku na vifurushi vya mashuka. Alimsalimu muuza kufuli. Alimsalimu fundi viatu, akauliza habari za mkewe na mgongo wake. Alimsalimu wifi yake kwa furaha. Alimsalimu paka. Kwa mdogo wake alipita kama anayepita ukuta. Na sketi yake iliyofumuka pindo aliipeleka kwa fundi mwingine, mtu mchafu wa kazi, aliyemwambia aje kesho, naye akaitikia, "Ahsante, mwanangu."

Hilo la sketi lilimuuma kuliko vizibao vyote. Alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali. Aombe radhi, lakini kwa lipi? Namba ilikuwa ya kweli. Akisema "samahani, nilikosea," atakuwa amesema uongo, na atakuwa amerudi alikotoka. Asipoomba radhi, hana dada. Aliona kama utakatifu umemfungia chumbani na kuondoka na ufunguo.

"Nenda tu," mkewe akamwambia. "Ukifika utajua kosa. Dada yako atakusaidia kulipata, hajawahi kushindwa."

Alimkuta uani, kamba zimejaa mashuka, na meza ya pasi imewekwa kivulini. Kengele alikuwa ameshika shuka kubwa la kitanda cha watu wawili, anajaribu kulikunja peke yake, na shuka linamshinda. Hakumwangalia. Kesho akashika ncha za upande wa pili. Shuka halikunjwi na watu waliokasirikiana kwa urahisi: lazima mvutane, mlinyooshe, kisha mkaribiane hadi mikono igusane, halafu mmoja arudi nyuma tena.

Walivutana.

"Shikamoo, dada."

"Nyoosha huko, limepinda."

Akanyoosha. Wakakaribiana, ncha zikakutana, akarudi nyuma.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Niombe ukiwa umeshika pindo."

Wakalikunja hilo, dada akatwaa jingine kwenye kamba. "Dada, kama nilikuumiza..."

"Kama?"

"Nilikuumiza."

"Hiyo naijua. Nilikuwepo."

"Lakini namba ilikuwa ya kweli."

"Wewe mtoto!" Kengele akalivuta shuka hadi mdogo wake akapiga hatua mbele. "Unafikiri mimi siijui namba yangu? Naoga na nani? Unafikiri kikohozi chako kilikuwa siri? Kwaya nzima ilikuwa inakijua! Yule wa sauti ya pili alikuwa anahesabu vikohozi vyangu anakuja kunitania njiani. Hatukuwa tunadanganywa. Tulikuwa tunastahiwa."

Kesho akasimama na shuka mikononi. Kwa miaka yote alidhani anadanganya watu, kumbe alikuwa anadanganya hewa. Hata toba yake ilikuwa ya dhambi aliyoikuza mwenyewe.

"Basi nirudi kukohoa?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nani kakwambia urudi? Umeacha, umefanya vyema. Uongo ni uongo hata ukiwa na adabu. Mimi nimeuliza kitu kingine, sijui kwa nini hukisikii. Kweli ile, uliniambia mimi?"

"Nili..." Wakakaribiana na shuka, mikono ikagusana, na safari hii dada hakulichukua. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Hapana," Kesho akasema. "Sikukwambia wewe. Mchungaji alikuwa amekaa pale mbele. Nilitaka asikie."

"Asikie nini?"

"Kwamba sikohoi tena. Sauti ile haikuwa ya kupima, dada. Ilikuwa ya ushuhuda."

"Na mimi nikawa nini?"

"Ukawa ngoma."

Kengele akalichukua shuka, akaliweka juu ya mengine, akalipigapiga kwa kiganja mpaka likanyooka. "Sasa umekosea," akasema, na usoni mwake palikuwa na kitu kinachofanana na nafuu. "Umeona? Kosa lilikuwepo. Lilikuwa limevaa vizuri tu."

"Nisamehe, dada yangu."

"Nitafikiri. Pale uliponipigia ngoma walikuwepo wangapi? Basi siku ya mazoezi uyaseme haya pale pale, mbele ya wale wale, kwa sauti ile ile. Halafu tutaonana. Haya shika hili, bado kuna rundo."

Siku ya mazoezi Kesho alifika mapema na sare zote mkononi, mishono imefumuliwa, na tepu shingoni. Alikuwa amevaa shati lake zuri, akalivua nyumbani, akavaa la kazini, kisha akajiuliza kama hilo nalo si la kujionyesha. Mkewe akamsukuma nje kabla hajafika la tatu. Alipoingia ukumbini alimtafuta dada yake kwa macho. Hakumwona. Mchungaji alikuwepo, amekaa kiti kile kile. Kesho alitamani sana maneno yamtoke kidogo kidogo, lakini alikumbuka masharti. Akasimama mbele.

"Wapendwa!" Sauti ikapasuka, akaianza upya. "Wapendwa, siku ile ya vipimo nilisema kweli ambayo haikuwa yangu kuitangaza. Nilimfanya dada yangu ngoma ili nisikike mimi. Ninyi mkaogopa, mkavuta matumbo, na sare zimewabana kwa sababu yangu. Leo nitapima upya. Sitataja namba yoyote. Kila mtu ataiona yake kwenye tepu, mke wangu ataiandika, na habari itaishia hapo."

Sauti ikatoka mlangoni, ile iliyozoea kuanzisha.

"Sijasikia!"

Kengele alikuwa amesimama kizingitini, mkoba begani. Kesho akarudia yote, tangu wapendwa hadi tepu. Mtu wa sauti ya nne akaanza kutikisika mabega.

"Huku nyuma hatusikii!" Kengele akasema, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Akarudia mara ya tatu. Sasa maneno yalikuwa yamemkaa mdomoni. Alipofika kwenye ngoma alifumba macho na kuinua mkono mmoja. Alipofika kwenye matumbo sauti yake ikatetemeka vizuri, na mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema "Amina".

"Basi!" Kengele akapiga makofi, akaingia ndani akicheka. "Inatosha, keti chini. Umeshaanza kuona utamu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mchungaji pamoja. Kesho alifumbua macho, akauona mkono wake uko hewani, akaushusha haraka kama aliyekutwa na kitu cha watu.

Dada yake alikuwa amefika mbele yake. Alimtazama kidogo, akamrekebisha kola ya shati iliyokuwa imekunjika, kisha akawageukia wenzake. "Na ninyi," akasema, "achieni hayo matumbo, tunapimwa." Akanyanyua mikono, akatangulia.

Kesho akazungusha tepu, akaisoma kimya, akamwonyesha mkewe kwa kidole.

"Eti," Kengele akamnong'oneza sikioni, "imepungua?"

Akaiangalia tena tepu, akitafuta. "Hapana, dada," akanong'ona. "Imeongezeka kidogo."

Dada alimfinya. Lakini alimfinya polepole, na mazoezi yalipoanza, yeye ndiye aliyeanzisha.